Chembe Nyeupe Lazima Ijue Kujikunja: Maneno Niliyosema Pale Arua

Juzi niliongea na watu pale Arua, West Nile, kaskazini-magharibi ya Uganda, juu ya chembe nyeupe za damu, wale askari wa kinga ya mwili. Watu kadhaa wamenipigia simu wakisema walikaa nje chini ya mwembe na spika ilikuwa moja, hawakusikia vizuri, wakaomba niandike. Basi nimeandika vile nilivyosema, sijapamba sana, pale nilipojirudia nimepunguza kidogo.

Wazee wetu, mama zetu, walimu, na nyinyi vijana wa sekondari mliokuja na yunifomu siku ya Jumamosi, habari zenu. Naongea Kiswahili leo juu nikiangalia hapa naona Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi, naona Wanubi wetu, naona ndugu wa Ariwara kule Kongo waliovuka mpaka asubuhi, na wengine wa Sudan Kusini, na lugha ya kutukalisha wote mkeka mmoja ni hii. Tena tangu 2005 iko kwa katiba yetu kama lugha rasmi ya pili, kwa hiyo tuitumie hata kwa mambo ya sayansi, isibaki ya barabarani na sokoni peke yake.

Mimi kazi yangu ni maabara. Miaka mingi nimeshinda na damu za watu, na sehemu kubwa ya hiyo kazi ni kuhesabu. Daktari anaandika kile kipimo tunaita CBC, cha kuhesabu chembe zote za damu, mashine inahesabu, natoa karatasi: chembe nyekundu ngapi, chembe nyeupe ngapi, chembe sahani za kugandisha damu ngapi. Mgonjwa anauliza ziko nyingi au ziko kidogo, mimi namjibu, anaenda. Na nilikaa miaka nikiamini kwamba kinga ya mtu ni hesabu, ukiwa na askari wengi uko salama, ukiwa na wachache uko hatarini. Leo nataka tuongee kitu ambacho ile karatasi haionyeshi hata kidogo, yaani ulaini na ugumu wa zile chembe. Hiyo chembe nyeupe ukiibonyeza inabonyea vipi, inarudi vipi, inaweza kupita wapi.

Anzeni na mapafu. Kuna chembe nyeupe inaitwa neutrofili, ndiyo nyingi kuliko zote kwa mtu mzima, na uboho wa mifupa yako unatengeneza kama bilioni 100 kila siku, kila siku bana, hata leo ukiwa umekaa tu hapo kwa benchi. Ikiwa imejiviringa kama mpira ndani ya damu, upana wake ni kama maikromita 8. Maikromita moja ni milimita moja umeikata vipande elfu. Sasa vile vimishipa vidogo kabisa vya mapafu, kapilari, vingi vina upana wa kama maikromita 5. Na damu yote ya mwili lazima ipite huko kuchukua hewa, hakuna njia nyingine. Kwa hiyo mpira wa 8 unatakiwa uingie kwenye bomba la 5, si mara moja, ni makumi ya vibomba katika safari moja tu kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto.

Chembe nyekundu inapita kama kwa sekunde moja hivi, ile ni nyembamba kama sahani na haina kiini ndani. Neutrofili ina kiini, ni ngumu kuliko nyekundu, inachukua muda mrefu zaidi, zingine zinakwama dakika nzima na zaidi, zinajinyoosha kama soseji pole pole mpaka zinapita. Mnajua vichochoro vya soko siku ya kujaa, boda inapenya lakini lori linabaki kule kwa barabara linapiga honi. Neutrofili ni lori ambalo likifika kwa kichochoro linajigeuza boda, na likitoka upande wa pili linarudi kuwa lori.

Inawezaje? Hapa nitakaa kidogo juu ndo penye utamu.

Kitu kigumu zaidi ndani ya chembe ni kiini. Kwa chembe nyingi za mwili kiini ni kitu kimoja cha mviringo. Sasa chukua mfuko laini wa nailoni utie embe moja bichi, jaribu kuupitisha kwenye tundu dogo, haupiti. Mfuko ule ule toa embe, tia karanga tatu nne, vuta, unapita karanga moja baada ya nyingine. Kiini cha neutrofili kiko hivyo, kimegawanyika vipande vitatu mpaka vitano vimeungwa na nyuzi nyembamba. Wanafunzi wangu wa maabara wanakijua kile kiini, wanakitumia kutambua neutrofili kwa slaidi, lakini ukiwauliza kwa nini kiko vile wananyamaza. Tena ukuta wa kile kiini una kidogo sana ile protini inaitwa lamini A, ambayo kwa chembe zingine ndiyo inafanya kiini kiwe kigumu.

Pili ni ngozi yake. Neutrofili ikiwa mviringo ngozi yake imejaa mikunjo, na ukiinyoosha ile mikunjo yote unapata ngozi zaidi ya mara mbili ya ile inayohitajika kufunika mpira wa ukubwa ule. Kama gomesi ya mama zetu, nguo ni nyingi kuliko mwili, na huo wingi ndo unampa nafasi ya kukaa, kuinama na kubeba mtoto bila kuchanika.

Tatu ni aktini. Hii ni protini inayojipanga kuwa nyuzi chini ya ngozi ya chembe, na kila wakati zinajengwa na kubomolewa. Chembe ikitaka kuwa laini inabomoa, ikitaka kuwa ngumu inajenga, ikitaka kutembea inajenga mbele na kubana nyuma. Wenye vibanda vya rolex, ile chapati ya kuviringia mayai, mko hapa, nyinyi mnaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Unga wa chapati umetoka kukandwa sasa hivi unausukuma unarudi, mkali, unapigana na wewe. Ukiuacha upumzike unalainika, unatandaza mpaka unaona mkono upande wa pili. Ukiubonyeza haraka unakataa, ukiubonyeza pole pole unakubali. Chembe nyeupe iko vile vile, si maji na si jiwe, iko katikati, na inabadilika kulingana na umeifanyia nini na kwa mwendo gani.

Mwalimu mmoja wa fizikia aliniuliza kabla hatujaanza, kitu kidogo hivyo unapimaje ugumu wake, vidole gani hivyo. Swali zuri. Njia ya zamani ni mrija wa kioo mwembamba sana, unaukaribisha kwa chembe, unavuta hewa kidogo kama mtoto anavyonyonya soda kwa mrija, unaangalia ni kiasi gani cha chembe kimeingia. Mwaka 1954 watafiti walipima hivyo ugumu wa mayai ya urchini, yule mnyama wa baharini mwenye miiba, na wengine baadaye wakaleta kwa chembe za damu. Mwaka 1986 kukatoka mashine yenye ncha kali sana iliyofungwa kwa kijimkono kinachopinda, inagusa chembe na kusoma kijimkono kimepinda kiasi gani. Kulikuwa na mzee aliyeitwa Arthur Ashkin, yeye alishika vitu vidogo kwa mwanga wa leza, mwanga tu, akapewa Nobel ya fizikia 2018 akiwa na miaka 96. Na 2015 watafiti kule Ujerumani walitoa njia ya kupitisha chembe kwa mfereji mwembamba, kamera inapiga picha kila moja ikibonyea, mamia ya chembe kwa sekunde moja. Hiyo ya mwisho ndiyo inanipa hamu sana, juu tone moja la damu linatosha na jibu linakuja kwa dakika.

Sasa niwape kisa. Nilikuwa bado najifunza kazi, hospitali siitaji. Alilazwa baba mmoja anahema kwa shida, CBC ya jioni chembe nyeupe ziko kawaida, ya asubuhi zimepanda karibu mara mbili. Wadi nzima ikashtuka, ikasemekana maambukizi yamelipuka usiku, dawa ya antibayotiki ibadilishwe iwe kali zaidi. Mama mmoja mtaalamu wa maabara, mzee wetu, amestaafu sasa, hakutoa ile karatasi mpaka ameshuka mwenyewe wadini akauliza swali moja, huyu mgonjwa usiku mmempa nini. Wakamwambia deksa, yaani deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Akasema basi, angalieni mgonjwa wenyewe, msiangalie namba peke yake. Na kweli yule baba alikuwa anapumua vizuri kuliko jana, hana homa.

Wakati ule nilijua tu kwamba deksamethasoni inapandisha chembe nyeupe, kama mtu anavyokariri. Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Karibu nusu ya neutrofili zako hazizunguki na damu, zimejishikiza kwa kuta za mishipa na kukwama kule mapafuni na sehemu zingine, na sindano yangu ya mkononi haizifikii. Uboho kweli nao unachangia kidogo kwa kutoa mpya. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba deksa, na pia adrenalini, ile homoni ya mbio na hofu, zinalainisha chembe nyeupe zenyewe, na chembe ikilainika inatoka ukutani inarudi katikati ya mto wa damu. Yaani zilikuwepo tangu jana. Zimelainika tu, zikatoka mafichoni, na mashine yangu ikaziona.

Vijana mnaweza kuthibitisha hiyo kwa miguu yenu. Tulipokuwa mwaka wa pili tulichukua damu ya mwenzetu, tukamwambia azunguke uwanja wa mpira mbio kwelikweli, tukachukua tena. Chembe nyeupe zilipanda vibaya sana na hakuwa mgonjwa, adrenalini tu na damu kwenda kasi. Baada ya muda zinashuka zenyewe.

Tugeuze upande wa pili. Chembe inalainika, sawa, inakuwa ngumu lini? Bakteria wakiingia wanaacha vipande vya protini vyenye alama yao, neutrofili ikivinusa inajenga aktini haraka na inakazana. Mwaka 1989 ilionyeshwa wazi kwamba neutrofili zilizochokozwa hivyo zinakuwa ngumu na zinakwama kwenye kapilari. Kama ni kidonda cha mguu, hiyo ni kheri, zinakwama pale pale zinapotakiwa, zinatoka mshipani, zinafanya kazi. Lakini kwenye sepsisi, ambapo sumu ya maambukizi imejaa damu yote, neutrofili zinakazana mwilini kote kwa wakati mmoja, na bomba jembamba la kwanza zinalokutana nalo kwa wingi ni mapafu. Zinarundikana huko, zinamwaga silaha zao kwa tishu ya mgonjwa mwenyewe, mapafu yanajaa maji. Nimeona watoto na wazazi wa wazazi wakienda hivyo, na kila mara naona ile karatasi yangu imeandikwa namba na haijasema lolote la hiyo hatari.

Bandama nayo ina ukaguzi wake, nipite haraka. Ndani yake kuna nyufa za upana wa kama maikromita moja tu, chembe nyekundu lazima ijipenyeze, na ile iliyokazwa na malaria inashindwa, inabaki nyuma inaliwa na makrofeji, zile chembe walaji. Sisi wa West Nile tunaijua malaria, bandama ya mtoto ikivimba mama anaigusa kwa mkono. Kumbe mle ndani kuna mtihani wa ulaini unaendelea mchana na usiku.

Kuna jambo lingine linanifurahisha kila nikilifikiria. Neutrofili inapotaka kutoka mshipani lazima kwanza ijishike kwa ukuta wakati damu inaisukuma kwa nguvu. Inarusha nyuzi zenye kulabu, selektini, inaanza kubiringika ukutani. Ungetarajia ukivuta zaidi kulabu iachie haraka zaidi, si ndiyo? Mwaka 2003 ilionekana kwamba kulabu fulani zinafanya kinyume, ukizivuta zaidi zinashika zaidi, mpaka kufika kiwango fulani ndipo zinaachia. Yule mzee pale mbele anacheka, anajua, ni lile fundo la kumfungia mbuzi, anavyovuta ndivyo linavyokaza. Mwili ulilijua hilo fundo kabla yetu.

Baada ya hapo zinakuja kulabu kubwa, integrini, chembe inasimama kabisa, inatafuta upenyo kati ya chembe za ukuta na inapita. Sasa wako watoto wachache duniani wanazaliwa bila integrini hizo. Kitovu kinachelewa sana kuanguka, na kidonda kinaoza bila kutoa usaha. Ukipima damu ya mtoto huyo chembe nyeupe ziko juu sana, juu kabisa, ukiangalia namba unasema huyu ana jeshi. Lakini jeshi lote linazunguka barabarani, hakuna hata mmoja anayeweza kushuka kwenye gari. Nawaombeni mlishike hilo kuliko mengine yote niliyosema.

Na kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, protini inayokosekana inaitwa DOCK8. Wagonjwa hao wanasumbuliwa na virusi vya ngozi, sunzua kila mahali, vidonda vya herpesi visivyopona. Mwaka 2014 watafiti waliweka seli T zao, aina nyingine ya chembe nyeupe, ndani ya njia nyembamba zilizobanana kama zile za ngozini, wakaona seli inajinyoosha, inajinyoosha, mbele inaenda huku na nyuma inaenda kule, halafu inakatika vipande na kufa. Mahali pa wazi zilitembea sawa tu. Shida ilikuja pale pembamba. Niliposoma hiyo mara ya kwanza nilifunga simu nikakaa kimya, juu nilifikiria mtoto mwenye hao askari, wanaenda kumwokoa na wanachanika njiani.

Saratani nayo imo. Seli T zile za kuua zikishika seli mbaya hazimwagi sumu tu na kuondoka, zinaisukuma na kuivuta. Utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba ngozi ya adui ikivutwa ikakaza, perforini, ile protini ya kutoboa, inatoboa vizuri zaidi. Ni kama kutoboa ngozi ya ngoma, ikiwa imelegea kisu kinateleza, ikiwa imewambwa kinaingia. Na seli nyingi za saratani ni laini kuliko kawaida. Mwaka 2021 kwenye panya walipunguza kolesteroli kwa ngozi ya seli za saratani, zikakaza, na seli T zikaziua vizuri zaidi. Bado ni panya, sitaki mtu aende kuambiwa mitaani kuna dawa. Lakini nchi hii ndiko alikofanyia kazi daktari Denis Burkitt, ambaye 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto aliouona hospitali ya Mulago kule Kampala, saratani inayoanzia kwa seli B, nazo ni chembe nyeupe, na tangu 1967 tuna Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hizo seli B zenyewe zikiwa nzima zinapima adui kwa kumvuta, zile zinazoshika imara ndizo zinafanikiwa kumng'oa. Sioni sababu maswali haya ya nguvu na ulaini yasiulizwe hapa kwetu.

Ndo maana vijana wa S.4, kidato cha nne, mnaoenda kuchagua kombinesheni nawaomba, anayependa udaktari asiikimbie fizikia. Nasikia mnasema fizikia ni ya mainjinia. Presha mliyosoma, nguvu gawanya kwa eneo, ndiyo hiyo hiyo inayopima mrija wa kioo ukivuta neutrofili. Hakuna fomula nyingine ya siri. Na ninyi wenzangu wa maabara, tukiangalia slaidi ya malaria tusipite tu juu ya zile nyeupe kama mawe ya barabarani. Angalieni umbo.

Mwishoni mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisimama, akauliza swali ambalo nilipaswa kulijibu kabla hajauliza. Akasema, dada, sasa mimi wakiniambia damu ya mtoto wangu ina chembe nyeupe nyingi, mimi nimwulize nini daktari?

Nikamjibu, mama, wewe kwanza sema, usisubiri kuulizwa. Sema kama mtoto amepewa deksa au ndugu yake prednisoloni, hata kama ni ya kliniki ndogo ya mtaani, hata kama ulinunua mwenyewe kwa duka la dawa, hakuna mtu atakugombeza. Sema kama alilia sana wakati wa kuchomwa sindano, juu mtoto akilia kwa nguvu chembe zinapanda, ni kama yule mwenzetu aliyekimbia uwanjani. Sema homa ilianza lini na ananyonya au amekataa. Halafu uliza, mbali na namba, mtoto mwenyewe mnamwonaje, anapumua vipi. Na kama kidonda chake hakitoi usaha na hakiponi, au kitovu kilichelewa sana kuanguka, hilo litaje hata kama hakuna aliyeuliza.

Akasema nirudie pole pole, mwanawe mkubwa aandike. Nikarudia.